Ukungu wa Saa Tisa na Robo

Juu ya duka la vioo
Tarehe 3 Machi

Dada yangu Fundi Barafu,

Shikamoo, na pole na kazi. Usishtuke kuona bahasha nene. Si matatizo, ni michoro, maana nakujua: maelezo hayakuingii mpaka uone bomba limechorwa.

Nimepata kazi ya maana. Maktaba ya mji wamefukua kasha la picha za zamani zilizopigwa kwenye vioo. Kuna walimu, wauguzi, mafundi wa reli, watu ambao hakuna tena anayewajua. Wanataka picha arobaini za kutundika ukutani kabla ya mwisho wa Juni. Nikawaambia nitazichapa kwa ile njia ya zamani ya chumvi ya chuma, inayotoa rangi ya kahawia isiyopauka. Nilivyojigamba pale, ungenikana.

Sasa kasheshe ni dawa yenyewe. Naipika mwenyewe, inatoa chembechembe za kijani zinazong'aa, ila hazikauki. Mvua huku ina wiki ya tatu. Nikizianika, kesho yake nakuta uji. Nikizipasha moto, zinaharibika. Nikiziweka kwenye mwanga wa jua, zinaharibika pia. Zinadeka kuliko nilivyokuwa nikideka mimi.

Nimesoma kwamba dawa ikifungiwa ndani ya chombo, halafu hewa yote ikanyonywa likabaki ombwe tupu, maji hutoka yenyewe bila moto. Si kazi yako hiyo ya mafriji, kunyonya na kusukuma hewa? Nahitaji pampu, na akili yako kidogo.

Habari za nyumbani? Chumba cha Mama umeshakifungua? Sikuulizi kwa ubaya. Mwaka unatimia tangu tumzike, na mimi na wewe hatujakaa tukaongea.

Mdogo wako,
Mzee Giza


Karakana
Tarehe 11 Machi

Mzee Giza,

Marahaba. Ulichochora ni bomu. Ukinyonya hewa kwenye chupa ya kioo chembamba, hewa ya nje inaibana pande zote mpaka inapasuka. Na wewe ulivyo na tabia ya kuchungulia, nitaitwa kuja kuokota macho yako sakafuni.

Fanya hivi. Tafuta sufuria ya presha, ile nzito. Mfuniko wake weka kando. Huyo fundi vioo wa chini akukatie duara la kioo kinene kama kidole gumba, asage ukingo uwe laini. Kata mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, uuweke kati ya sufuria na kioo, upake grisi. Toboa matundu mawili ubavuni mwa sufuria: moja la bomba la pampu, jingine la geji na vali. Kati ya sufuria na pampu weka chupa ya chuma ndani ya ndoo ya barafu, ili mvuke unaotoka kwenye dawa ugeuke maji humo, usifike kwenye pampu. Ukimaliza usifungue kwa pupa. Zima pampu, kisha legeza vali taratibu, hewa irudi kidogo kidogo.

Pampu nimeikabidhi kwenye basi la Ijumaa. Imetoka kwenye friji bovu la mteja. Ni nzima. Usiifungue.

Huku ni salama. Kazi ni nyingi.

Dada


Juu ya duka la vioo
Tarehe 22 Machi

Dada,

Shikamoo. Mtambo unafanya kazi! Nimeuweka kwenye kile chumba kidogo cha kukaushia, juu ya meza. Dirisha nimelifunika kitambaa chekundu kizito, maana mwanga mwekundu hauidhuru dawa. Nikawasha, sindano ya geji ikashuka yenyewe kama mtu anayekaa kitini. Baada ya saa nne, chembe zangu zilikuwa kavu, zinatiririka kama mchanga. Picha ya kwanza nakutumia humu. Ni muuguzi. Mwangalie macho, utadhani anakusubiri umalize kusema.

Hiyo friji ya mteja wako ilikuwa ya aina gani lakini? Kompresa za friji ninazozijua ni chungu cheusi kilichozibwa. Hii ina vichwa viwili na feni, na ina sauti ya pekee. Inakwenda vizuri, halafu inasita kidogo, kama mtu aliyekumbuka jambo, kisha inaendelea. Sisemi ni mbovu. Nimeizoea hata. Inanichangamsha.

Kitu kimoja. Alasiri, kwenye kioo cha juu, kwa upande wa ndani, kunatokea ukungu. Mviringo tu, kama mtu aliyekipulizia kioo ili akifute. Unakaa dakika chache unatoweka. Nitafanyaje?

Mzee Giza


Karakana
Tarehe 29 Machi

Mzee Giza,

Wewe piga picha, mashine niachie mimi. Zipo friji za kila aina.

Ukungu una sababu tatu. Moja, kuna mahali panavuja. Mbili, barafu imeyeyuka na mvuke unarudi nyuma. Tatu, mafuta ya mashine. Zima pampu sufuria ikiwa imefungwa, tazama geji kwa saa nzima. Sindano ikipanda, panavuja. Paka maji ya sabuni kwenye maungio yote. Badilisha barafu kila saa mbili. Kifute kioo kwa spiriti. Na izungushe hiyo sufuria, kama upande mmoja wa mpira una kasoro, ukungu utahama nayo.

Muuguzi ni mzuri. Nimembandika karakana. Mafundi wenzangu wanamwamkia.

Dada


Juu ya duka la vioo
Tarehe 8 Aprili

Dada,

Nimefanya yote uliyosema, sikuruka hata moja. Niambie sasa.

Sindano haikupanda. Saa nzima nimekaa nayo, imetulia tuli. Hapavuji. Barafu naibadilisha kama muuza vinywaji. Kioo nimekifuta kwa spiriti mpaka kinalia.

Ukungu unakuja vilevile. Nimeanza kuandika saa. Kila siku ni saa tisa na robo alasiri. Unaanza kama doa la kifungo, unapanuka mpaka upana wa kisosi, halafu unapungua, halafu unapanuka tena. Unapungua, unapanuka. Dakika tano hivi, basi. Dada, humo ndani hakuna hewa. Wewe ndiye uliyenifundisha. Pasipo hewa, nani anapuliza?

Nimeizungusha sufuria. Ukungu haukuhama nayo. Unatokea palepale siku zote, kwenye ukingo unaoelekea dirishani. Nikahamisha meza yote upande wa pili wa chumba. Ukungu nao ukahamia ukingo wa pili, ule ambao sasa ndio unaoelekea dirisha. Upande huo una joto zaidi. Ungetakiwa utokee kwingine kote ila huko.

Na maji. Nilitia dawa vijiko vitatu. Jioni, kwenye chupa ya barafu, nikamimina maji nusu glasi. Yalikuwa vuguvugu. Chupa imeshinda kwenye barafu kutwa, mkono wangu umekufa ganzi kwa kuishika, na maji ni vuguvugu.

Nilidhani naona vibaya kwa kukaa na dawa, nikamwita fundi vioo apande aone kazi ya kioo chake. Akaja anacheka, ana kalamu sikioni. Tukasubiri. Ukungu ulipoanza akaacha kucheka. Akautazama mpaka ukaisha. Nikamuuliza, "Unaonaje, fundi?"

Akasema, "Kioo changu hakina kosa." Alipofika ngazini akageuka. "Huyo uliyemfungia humo, mfungulie."

Tangu hapo ananisalimia kutokea dukani kwake, hapandi.

Nijibu upesi.

Mzee Giza


Karakana
Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Samahani nimechelewa. Sikuwa mgonjwa.

Acha kutumia pampu hiyo. Ifunge kwenye gunia uirudishe kwa basi. Nitakutafutia nyingine, mpya kabisa, ndani ya wiki mbili. Usikae nayo chumba kimoja alasiri. Usiniulize kwa nini.

Dada


Juu ya duka la vioo
Tarehe 9 Mei

Dada,

Hujaniamuru hivyo tangu nikiwa darasa la tatu.

Sikuirudisha. Nina picha kumi na nane bado, na kusema kweli si hiyo tu. Kuna jambo sikukuandikia. Kwa mwezi sasa, ikifika saa tisa nakwenda kukaa pale. Naweka kiti, nakaa. Mara nyingine naongea. Namweleza huyo anayepuliza habari za picha, fulani alikuwa mwalimu, fulani ana tai iliyopinda. Siogopi nikiwa pale. Naogopa nikitoka.

Barua yako ilipofika nikaifungua pampu. Najua ulinikataza. Chini ya kifuniko, kwa ndani, kuna plasta nyeupe ya hospitali, imebandikwa siku nyingi, pembe zimekuwa nyeusi. Imeandikwa kwa kalamu ya wino. Mwandiko ni wako, ile zedi yako yenye mkia. Maneno mawili.

MAMA. USIZIME.

Dada, hii ni mashine ya nini?

Mdogo wako


Nyumbani
Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu,

Keti kwanza.

Haikutoka kwenye friji. Ni ile mashine iliyokuwa ikimpa Mama hewa, kando ya kitanda. Hukuiona ikifanya kazi hata siku moja, ulikuwa mbali kwa kazi zako, na ulipokuja mazishini nilikuwa nimeshaivika shuka na kuitia stoo. Nilishindwa kuitupa. Nilishindwa hata kuitazama. Ulipoandika kwamba unataka pampu, nikaona hapa ndipo pa kuutua mzigo huu, na wala hutajua. Nikang'oa kasha la nje, nikakutumia kilichobaki. Plasta nilisahau. Niliibandika mimi, nikiogopa yule mama wa usafi, akifungua kifuniko afute vumbi, asije akaizima kwa kutojua.

Nilikuambia Mama alilala usiku akaamkia kwingine. Niliwaambia hivyo watu wote. Si kweli. Ilikuwa saa tisa na robo alasiri.

Miezi miwili kabla, akiwa bado na sauti, aliniambia, "Mwanangu, siku nikikuonyesha hiyo swichi, usinibishie."

Nikamwambia, "Mama, maneno gani hayo?"

Akacheka, unajua alivyokuwa akicheka na kukohoa pamoja. "Fundi mzima, kuzima mashine unaogopa?"

Wiki ya mwisho sauti ilikata. Akawa anazungumza kwa macho na kidole. Siku hiyo nilimlisha uji, vijiko viwili tu, nikamfuta mdomo. Akanyoosha kidole. Mashine ilikuwa ubavuni mwa kitanda na swichi yake inawaka taa ya kijani. Nikamuuliza, "Ni swichi, Mama?" Hakuitika, hakukataa. Kidole kikabaki vilevile, kinatetemeka. Nikamuuliza tena. Kikabaki vilevile.

Nikazima.

Akashusha pumzi moja ndefu. Nikangoja avute nyingine. Nilingoja, mdogo wangu. Nilikaa namwangalia kifua mpaka alfajiri, ndipo nikaita watu.

Lakini kabla giza halijaingia, niliona kitu. Macho yake hayakuwa kwenye swichi. Yalikuwa juu yake kidogo. Nyuma ya mashine ile kuna dirisha. Nilikuwa nimelifunga asubuhi kwa sababu ya vumbi la barabarani. Labda alitaka nimfungulie dirisha tu. Labda alitaka upepo. Na mimi nikamzimia.

Sijui. Nimekaa na kutojua huko mwaka mzima, nakula nako, nafanya kazi nako. Sasa unaniandikia kwamba kuna kitu kinapumua humo ndani, saa ile ile, na kimeelekeza uso dirishani.

Fanya unavyotaka na barua hii. Ukitaka kuwasomea wajomba, wasomee.

Dada


Juu ya duka la vioo
Tarehe 30 Juni

Dada,

Shikamoo.

Sitakuficha, nilikuchukia. Kwa wiki tatu hivi. Niliandika barua ya mistari minne, nikaichana, nikaiandika tena ileile, nikaichana. Si kwa kuzima. Kwa sababu nilibeba jeneza nikiwa nimefarijika kwamba alikwenda usingizini, na faraja yenyewe ilikuwa ya kutungwa.

Picha za maktaba nilizimaliza. Sikugusa mtambo tena mpaka juzi.

Juzi nikauwasha. Nilitaka kujua. Nikakaa kwenye kile kiti, saa tisa na robo ukungu ukaja, upande wa dirisha kama kawaida. Unapanuka, unapungua. Nikaweka kidole kwenye swichi. Nikajiambia, ni pampu, ina vichwa viwili na feni, ndani ya sufuria kuna vijiko vitatu vya dawa. Zima, mwanamume wewe.

Sikuweza.

Ukungu ulipoisha nilikuwa bado nimekaa na kidole changu, na mkono umekakamaa. Ni chuma na mpira, na nimeshindwa. Wewe, Mama alikuwa anakutazama. Na hapakuwa na mtu wa kumuuliza.

Sijui kama nimekusamehe. Sina hakika kama mimi ndiye wa kusamehe, mimi niliyekuwa natuma salamu tu. Lakini mtambo bado unanguruma mezani, umefungwa, sindano ipo chini, na mimi siwezi kuuzima wala siwezi kulala nyumba moja nao. Sasa nalala dukani kwa fundi vioo, katikati ya masanduku.

Njoo.

Mdogo wako


Nyumbani
Tarehe 21 Julai

Mdogo wangu,

Nimefika salama. Basi lilikuwa na watu wachache, nikapata kiti cha mbele.

Stendi uliniuliza kilichotokea mle chumbani, nikasingizia kelele za honi. Nilikuomba usimame nje ya mlango, ukasimama, hukuniuliza kitu. Kwa hilo peke yake nakushukuru. Basi nakuandikia.

Nilipobaki peke yangu sikuigusa pampu. Nilikwenda kwanza dirishani. Nikavuta kitambaa chako chekundu, misumari ikatoka na plasta ya ukuta. Jua likaingia. Nilijua dawa yako yote inaharibika, niliiona ikibadilika rangi pale pale ndani ya sufuria. Nikafungua mabawa yote mawili ya dirisha. Upepo ukaingia, karatasi zako zikaruka, na kelele za mtaani, mtu anagonga bati, mtu anamwita mwenzake. Nikasema, "Haya Mama. Liko wazi."

Nikakaa upande wa pili, kule kwenye swichi, mgongo ukutani. Nilikaa mbali na dirisha makusudi. Sikutaka kuwa njiani.

Saa tisa na robo nikatazama ukingo wa dirishani. Hapakuwa na kitu. Kioo cheupe kabisa, kina jua. Nikasema moyoni, basi ndivyo, ni dirisha alilokuwa akitaka tangu mwanzo. Nikainamisha uso mezani.

Nilipouinua, ukungu ulikuwa upande wangu. Mbele yangu hivi, shubiri moja kutoka usoni mwangu, upana wa kisosi. Hakukuwa na jua upande huo, wala sijui kilichouvuta kutoka huko kote. Unapanuka, unapungua. Taratibu, bila kuhangaika. Sijawahi kuuona kabla ya siku hiyo, lakini ule mwendo niliujua. Nimeuhesabu miezi minane kando ya kitanda.

Dirisha lilikuwa wazi na hakulitaka. Alikuwa amenigeukia mimi.

Nikamuuliza kama nilivyomuuliza siku ile. "Ni swichi, Mama?" Ukungu ukabaki vilevile. Sikuuliza mara ya pili.

Nikazima. Chumba kikawa kimya, na ndipo wewe ukagonga mlango, nikakujibu bado. Ukungu ulikuwa haujatoka kwenye kioo. Umesimama tu, haupanuki wala haupungui, kama mtu aliyebana pumzi. Nikashika vali. Kwa mikono miwili. Nikailegeza kidogo kidogo, kama nilivyokufundisha.

Umeniuliza ile sauti uliyoisikia ilikuwa nini, kama ni mimi niliyelia. Sikulia. Ilikuwa hewa ikiingia ndani ya sufuria. Kwa fundi yeyote ni jambo la kawaida, ombwe likifunguliwa hewa hurudi kwa mlio. Nimeisikia sauti hiyo maelfu ya mara kazini na haijawahi kuwa ndefu vile, wala laini vile, wala haijawahi kuishia na kile kikohozi kidogo.

Siku ile nilingoja avute pumzi nyingine. Nilingoja mpaka alfajiri, namwangalia kifua, hakuvuta.

Jumamosi, jua likiwa limejaa chumba kizima, aliivuta.

Dada yako